Matundu ya Reli ya Zamani

Dereva anayekwama kwenye foleni ya jioni Uhuru Highway, kati ya mzunguko wa Haile Selassie na ule wa University Way, amesimama mahali palipokuwa reli. Kabla njia kuu ya kwenda Nakuru na Kisumu haijahamishiwa upande wa Kibera na Dagoretti, treni ilitoka stesheni, ikakata kona na kupita ukingoni mwa mji, maduka yakiwa kulia na kilima cha wakubwa kikiwa kushoto, kisha ikaanza kupanda kuelekea magharibi. Reli iling'olewa, barabara ikarithi nafasi yake. Iliitwa Princess Elizabeth Highway, uhuru ukaja na jina jipya, na tangu 2022 imebebeshwa juu yake barabara nyingine, ile ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands.

Niliifuata njia hiyo kwa miguu, kuanzia stesheni, nikitafuta historia ya kitu ambacho hakuna aliyekijengea mnara. Nilitafuta tundu. Namaanisha tundu linalotobolewa katika chuma au zege linalobeba mzigo. Reli ya Uganda ilikuja nayo kwa mamia ya maelfu: matundu ya bolti kwenye ncha za reli, matundu ya ribiti kwenye boila, matundu ya madaraja. Yale madaraja 27 ya Mau, kati ya Nairobi na Ziwa Viktoria, yaliagizwa kutoka American Bridge Company, vipande vikasafirishwa kutoka Marekani kuja kuunganishwa huku juu ya makorongo. Waliotoboa matundu hayo walijua kwamba chuma kinapungua. Walichokuwa wameanza tu kukijua ni bei kamili ya tundu lenyewe.

Reli zilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mwaka uliotangulia, vibarua wakiwa bado wanaliwa na simba Tsavo, profesa mmoja wa Chemnitz, Ujerumani, Ernst Gustav Kirsch, alichapisha hesabu katika jarida la chama cha wahandisi wa kwao. Chukua bamba pana la chuma, livute pande mbili kwa nguvu iliyosambaa sawasawa, kisha litoboe tundu la duara katikati. Akili ya kawaida inasema bamba limepungukiwa na chuma kiasi cha upana wa tundu, basi. Tundu likila sehemu ya kumi ya upana, mkazo utapanda kwa sehemu ya kumi hivi, na mambo yaendelee. Kirsch alionyesha kwamba kwenye ukingo wa tundu, zile pande mbili zilizokingama na mvuto, mkazo hupanda mara tatu. Ukivuta kwa 100, pale ukingoni pana 300. Wala haijalishi tundu ni dogo la sindano au kubwa la sahani. Mradi bamba ni pana kulizidi mbali, jibu linabaki tatu.

Anayetaka kuona sababu asimame juu ya daraja la wapita njia siku ambayo lori limeharibika katikati ya Uhuru Highway. Magari ya safu ya mbali hata hayajui kilichotokea, yanakwenda zake. Yale yaliyokuwa yakija nyuma ya lori ndiyo yanayojipenyeza ubavuni mwake, kioo kwa kioo, na msongamano wote unakaa pale pale kando ya lori. Ndani ya chuma nako nguvu haiwezi kuruka utupu. Inalizunguka tundu na kubanana ukingoni. Ukisogea ndani ya bamba kwa umbali sawa na nusu kipenyo cha tundu, ile 300 imeshashuka hadi 122 hivi. Balaa lote limo katika utepe mwembamba ambao jicho haliutofautishi na chuma kingine.

Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka stesheni, yalifunguliwa 1971. Wageni hukimbilia 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za Garratt zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock, tani 252 kila moja; au behewa ambamo Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Mimi nilikaa zaidi na vipande vya reli. Reli za kwanza zilikuwa nyepesi, ratili 50 kwa yadi, yaani kama kilo 25 kwa mita. Ukiitazama reli kwa upande wa ncha utaona ni boriti ndogo: kichwa juu, kitako chini, ubavu mwembamba katikati. Reli mbili zikikutana, huwekewa vibao viwili vya chuma, kimoja kila upande, na bolti zikapitishwa kwenye matundu ya ubavu. Tia kidole ndani ya tundu la reli iliyotumika miaka mingi, ukizungushe. Ukingo wake umekwaruzwa na bolti, kutu imeula, na alama za keekee bado zinakuna ngozi.

Sasa fikiria gurudumu likifika kwenye kiungo hicho. Linaiacha ncha ya reli moja na kuigonga ya pili. Ubavu, ulio mwembamba kuliko sehemu nyingine zote, ndio unaozuia kichwa kisikatikie kitakoni. Mkazo wa kukata namna hiyo una tabia yake. Hujigawa ukawa mvuto upande mmoja na mgandamizo upande mwingine, vyote vimelala mshazari kwa nyuzi 45, na ukingoni mwa tundu unazidishwa mara nne badala ya tatu. Ndiyo maana nyufa za matundu ya bolti hazitoki tunduni kwa ulalo wala kwa wima. Hutoka mshazari, moja ikipanda kuelekea kichwani, nyingine ikishuka kuelekea kitakoni, na zikikutana na nyingine tundu hubaki na umbo la nyota. Ufa ukifika kichwani, kipande cha reli hung'oka gurudumu likiwa juu yake.

Kwa nini basi reli haikuvunjika siku ya kwanza, ikiwa mkazo umezidishwa hivyo? Kwa sababu chuma laini kina ustahimilivu. Kikizidiwa pale ukingoni hunyooka kidogo na kuwaachia majirani sehemu ya mzigo. Madaraja ya ribiti yamesimama zaidi ya miaka mia kwa neema hiyo. Lakini neema hiyo haitoshi mzigo unapokuja na kuondoka, kuja na kuondoka. August Wöhler, aliyekuwa mhandisi wa reli Prussia, alionyesha kufikia miaka ya 1860 kwamba ekseli za mabehewa huvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule unaoweza kuzivunja kwa mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Jumlisha Wöhler na Kirsch, unapata maisha yote ya kiungo cha reli.

Watu wa gengi waliotembea njia hii na nyundo na spana ndefu hawakuwasoma wawili hao. Walikaza bolti, wakapaka grisi, wakashindilia kokoto chini ya mataruma yaliyolegea karibu na viungo. Kila mojawapo ya kazi hizo hupunguza kipigo kinacholifikia tundu. Mimi naona elimu ya mkazo ilifika Nairobi kwa mikono yao, miaka mingi kabla ya kufika kwa ubao na chaki, na historia ya uhandisi wetu ingeandikwa vizuri zaidi kama ingeanzia hapo.

Kabla ya kutoka makumbusho, tazama vifuniko vya kusafishia matope kwenye boila za injini za mvuke. Tundu la mkono la boila ni duaradufu, umbo la yai lililobapwa sawasawa pande zote. Sababu ya kwanza ni ya fundi: kifuniko cha duaradufu hupenya kwenye tundu lake chenyewe, kikageuzwa na kukaa kwa ndani, na mvuke ukakibana. Sababu ya pili iko kwenye mkazo. Mvuke ndani ya mtungi mrefu huvuta chuma kwa kuuzunguka mtungi mara mbili ya unavyokivuta kwa urefu. Tundu la duara hapo hupandisha mkazo hadi mara mbili na nusu ya ule mkubwa. Tundu la duaradufu, lenye urefu mara mbili ya upana na lililolazwa kufuata mzunguko wa mtungi, hushusha hadi moja na nusu tu. Likigeuzwa kwa kukosa uangalifu, mambo huharibika kuliko hata duara. Chuma ni kile kile na tundu ni lile lile. Kilichobadilika ni namna lilivyolala.

Hesabu hiyo ya duaradufu ina mwenyewe, na inaangukia vizuri kwenye njia hii. Pale kona ya Kenyatta Avenue ipo Kipande House, iliyojengwa 1913 na Gurdit Singh Nayer, ikatumika kwanza kuwa ghala la mizigo ya reli kwa kuwa treni ilipita jirani. Baadaye Waafrika walipangwa foleni hapo wachukue vipande vyao, yaani vitambulisho, na jina likabaki hata jengo lilipogeuka benki. Mwaka huo huo wa 1913, Charles Inglis, mhandisi wa Cambridge, aliwasilisha mbele ya taasisi ya wasanifu wa meli ya Uingereza andiko juu ya mkazo unaoletwa na nyufa na pembe kali katika mabamba. Kanuni yake ni fupi. Chukua upana wa tundu unaokingama na mvuto, ugawe kwa urefu wake unaofuata mvuto, zidisha kwa mbili, ongeza moja. Duara linatoa tatu, jibu la Kirsch. Duaradufu ya tano kwa moja iliyokingama inatoa kumi na moja. Ile ile ukiilaza ifuate mvuto inatoa moja na nne katika kumi tu. Kisha Inglis akaibana duaradufu iliyokingama ikawa nyembamba, nyembamba zaidi, mpaka ikawa ufa. Na jibu likapanda bila kikomo. Pembe kali ya tundu la mraba inaelekea huko huko.

Wasanifu wa meli walikuwa na onyo mikononi. Miaka thelathini baadaye, katika Vita vya Pili, Marekani ilikuwa ikiunda meli za Liberty zaidi ya 2,700 kwa kulehemu badala ya ribiti, na katika meli kadhaa nyufa zilianzia kwenye pembe za mraba za matundu ya kupakulia shehena. Chuma cha wakati ule kilikuwa chepesi kuvunjika mithili ya kioo kwenye baridi, na mabamba yaliyolehemiwa hayakuwa na kiungo cha kuukatisha ufa.

Mitaa michache mashariki ya barabara, Koinange Street, ipo Sadler House, zilizokuwa ofisi za East African Airways, shirika lililokuja kununua ndege za Comet. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya BOAC, shirika la Uingereza, aina ya Comet, G-ALYP, iliondoka London na abiria 36 katika safari ya kwanza duniani ya ratiba ya ndege ya jeti ya abiria. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone kabla ya kufika Johannesburg. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa basi miongoni mwa wa kwanza kuiona teknolojia hiyo ikifanya kazi ya kila siku. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile, iliyotua Entebbe kwa shangwe, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Aprili ikafuata G-ALYY, karibu na Naples, ikiwa safarini kwenda Cairo na kisha Johannesburg, wakafa 21.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliizamisha Comet nyingine, G-ALYU, katika tangi la maji. Wakaijaza na kuipunguza shinikizo, mara kwa mara, kila mara ikihesabiwa safari moja. Juni 1954 mwili wake ukapasuka baada ya jumla ya safari 3,057, zikiwemo zile halisi za mwanzo. Kwa upande wa G-ALYP, vipande vilivyovuliwa baharini vilionyesha kwamba mpasuko ulianzia paani, kwenye pembe ya kidirisha cha antena, jirani na tundu dogo la kufungia bamba. Tundu dogo lilikuwa limekaa ndani ya utepe uliokwisha kubanwa na tundu kubwa. Tatu ya Kirsch ilizidishwa juu ya mkazo uliokwisha kuzidishwa. Madirisha ya Comet yalikuwa na pembe zilizoviringwa, yale masimulizi ya mraba kamili yametiwa chumvi, lakini mviringo huo haukutosha kwa bamba jembamba kiasi kile lenye kupumua kila safari.

Comet zilizofuata zilipewa madirisha yasiyo na pembe na ngozi nene zaidi. Mbili za aina ya Comet 4 zilinunuliwa na East African Airways na kufika uwanja wa ndege wa Embakasi 1960, ya tatu ikaja 1962. Miongoni mwa wasafiri wa Nairobi waliokwenda London wakati huo walikuwemo waliotazama nje kupitia matokeo ya uchunguzi wa Elba. Shirika lenyewe lilivunjika 1977.

Ukipita Chuo Kikuu, kilichofunguliwa 1956 kwa jina la Royal Technical College, unaanza kupanda kuelekea Museum Hill, na hapo ndipo injini za kale nazo zilipoanza kuhema. Kutoka hapa hadi Westlands mji umegeuka zege. Hakuna ribiti tena. Tundu limehamia kwenye kuta na boriti, na hulazimiki kuwa mhandisi kuliona. Simama mbele ya ghorofa lolote la umri wa miaka kumi na kuendelea, tazama pembe za madirisha. Ufa unatoka kwenye pembe, mshazari, nyuzi 45 hivi, ukielekea juu au chini. Ni binamu wa ule wa reli. Mara nyingi ni plasta tu na hakuna cha kuogopa, lakini ramani ya mkazo imechorwa ukutani bure. Kwa sababu hiyo hiyo mchoro mzuri wa slabu yenye tundu la ngazi au la lifti huonyesha nondo za ziada zilizolazwa mshazari kwenye kila pembe, na fundi asiyeambiwa kazi ya nondo hizo hudhani ni mabaki.

Zege lina tatizo ambalo reli haikuwa nalo. Huvumilia mvuto kidogo sana, linategemea nondo. Tundu katika boriti ya zege linaweza kukaa salama kabisa likiwa la duara, katikati ya kimo cha boriti, mbali na nguzo ambako nguvu ya kukata ni kubwa, na likiwa na ringi za kutosha pande zote mbili. Kipande cha bomba hufungwa ndani ya mbao kabla zege halijamwagwa, na kazi imekwisha. Nilichokiona katika ghorofa moja nyuma ya Waiyaki Way kilikuwa kinyume cha kila neno hapo. Fundi bomba alikuwa na nyundo na patasi, hatua moja kutoka kwenye nguzo, akichimba tundu la mraba kwenye sehemu ya chini ya boriti. Ringi mbili zilikwisha kukatwa, na vichwa vyake viling'aa.

"Fundi, injinia amekuruhusu?"

"Injinia alimaliza kazi yake mwezi uliopita, mkubwa. Sasa hii maji ya choo itapita wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mchoro wa maji ulitengenezwa na mtu mmoja, wa boriti na mwingine, na hakuna aliyewakutanisha kabla zege halijakauka. Katika mjengo wa Nairobi tundu hufika la mwisho, mikononi mwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, na mwenye nyumba akifuatilia huuliza tu kama maji yanavuja. Gengi la reli lilikuwa na mnyapara aliyejua kila kiungo cha maili zake. Boriti ile haina mnyapara. Itafunikwa kwa dari ya jasi, na mpangaji wa kwanza atapachika taa chini yake.

Westlands nilikuwa nimepanga kuishia, ila njia ya zamani haikuishia hapo, nami nikapanda matatu hadi Kangemi. Chini ya barabara, kwenye karakana za wazi, lori la kubeba mawe lilikuwa limevuliwa matairi ya nyuma. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ambalo mtu fulani zamani alilitoboa kwenye kitako cha fremu, mahali ambapo mvuto ni mkubwa kuliko pote, ukapanda ubavuni kiasi cha kiganja. Fundi aliusugua ubavu kwa brashi ya waya, akamwagia dizeli, akapangusa, akasubiri dizeli ichuruzike tena kutoka ndani ya ufa ili aone unakoishia. Akaweka alama kwa chokaa, pale pale kwenye ncha, na kutoboa hapo tundu safi la milimita kumi, kisha akalilainisha ukingo kwa tupa ya duara. Ncha kali ya Inglis, isiyo na kikomo, ikawa duara la Kirsch. Kipande cha kiraka kilikuwa tayari pembeni, kimekatwa kwa umbo la almasi na pembe zake zimeviringwa.

Mwenye lori alikuwa amekaa juu ya tairi akitazama. Akalalamika kwamba amelipa ufa uzibwe, si fremu iongezewe tundu. Fundi alimwambia asogee kidogo, cheche zinakuja upande wake.